Mbegu Haichemshwi

Kwa miaka saba mimi na mama mkwe wangu tulizungumza kupitia mke wangu, na siku ambazo mke wangu hakuwepo tulizungumza kupitia mifugo.

Watu wa mjini watanicheka, lakini ndivyo ilivyo. Mimi ni Mwarusha wa upande wa magharibi wa Meru. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hukaa mbalimbali: salamu kwa heshima, macho chini, na neno lolote la ziada hupitia kwa mtu wa tatu. Mama mkwe ni Mmeru wa huko juu, Sekei ikishakwisha na migomba ikianza, mama wa usharika na wa kahawa, na mwanzoni alisema sisi Waarusha tumezidisha. Baadaye akagundua raha ya kuwa na mkwe asiyeweza kumjibu, akaishika mila yetu kwa nguvu kuliko bibi yangu mzaa baba. Shikamoo mama, marahaba, basi. Akiwa na neno na mimi, anamwambia binti yake nikiwa nimesimama hatua mbili tu: "Mwambie mume wako ameacha koleo mvuani." Nami ninamgeukia mke wangu: "Mwambie mama ninalitoa sasa hivi." Mke wangu husema Mungu hakumuumba mwanamke, alisimamisha mnara wa simu.

Huyo mnara ni fundi cherehani, kutwa yuko Sekei anashona sare za shule. Kwa hiyo kwenye boma la mama tulibaki mimi, yeye, mtamba wake mmoja mwekundu, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, na vifaranga wangu mia mbili wa kuku wa nyama.

Vifaranga waliingia maishani mwangu wakifuatana na cheti. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu wengine walikuwa wanawapeleka watoto wao kuanza kidato cha kwanza. Mchana nilikuwa saidia fundi. Nimebeba zege mpaka nikipita Sokon One na kutazama zile ghorofa, naona mgongo wangu umepangwa pale, tofali juu ya tofali. Jioni nilikuwa nafika darasani na saruji masikioni, mwalimu akiuliza swali nasikia nusu, na hiyo nusu naijibu kwa sauti kubwa. Baiolojia niliipenda kama chakula. Siku nilipochukua cheti nilitembea nacho mkononi hadi Kwa Mrombo, siku ya soko, na sidhani kama kuna mbuzi aliyeuzwa siku ile bila kukiona. Lakini cheti hakibebi zege, na mgongo wangu nao ulikuwa umeshasema imetosha. Ndipo mke wangu akamwomba mama yake banda.

Lilikuwa banda zuri la ng'ombe, mbao ngumu na sakafu ya saruji, alilolijenga marehemu baba mkwe. Mama alilitoa. Nikafunga wavu madirishani, nikamwaga maranda ya mbao sakafuni, nikaweka chungu cha mkaa katikati cha kuwapasha vifaranga joto, nikajiita mfugaji.

Kundi la kwanza liliharisha. Kundi la pili likaharisha na kulipiga la kwanza chenga. Maranda yalilowa yakawa matope, na harufu yake ilipanda mlimani kiasi kwamba kilele cha Meru kilijifunika mawingu wiki nzima, na mimi peke yangu nilijua sababu. Waliobaki hai walikuwa wembamba, shingo ndefu, unaweza kuwadhania korongo waliokosa bahati.

Mama alivumilia mara mbili. Kabla ya kundi la tatu alisema, jioni moja mke wangu akiwa anatua mkoba wake: "Mwambie mume wako mtamba ana mimba. Huu ni uzao wake wa kwanza, na ndama wangu hatalala nje kwenye ukungu huu. Alete kundi moja tena. Likiharisha, banda linarudi kwa ng'ombe, na yeye arudi kwenye zege."

Mke wangu alinitazama. Hakuwa na haja ya kurudia. Mgongo ulikuwa umesikia kabla ya masikio.

Nilimtafuta daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, binti mdogo mwenye buti kubwa kuliko yeye. Aliingia bandani, akachuchumaa mbele ya kinyesi cha kuku kama mtu anayesoma barua.

"Umewapa dawa gani, kaka?"

Nikamtajia kwa fahari. Siku ya kwanza antibayotiki ya kinga, kama muuza dawa dukani alivyonishauri. Wakipiga chafya, antibayotiki. Mvua ikinyesha, antibayotiki. Jirani akisema kuku wake wanaumwa, antibayotiki.

"Kaka," akasema, "kuku hawa wametumia dawa kuliko wodi nzima. Wangepona kwa kuogopa tu."

Akanieleza, nami nikasimama pale najisikia nimerudi darasani, ila safari hii masikio ni masafi. Tumboni mwa kuku wanaishi bakteria wengi, na walio wengi ni wema. Wanasaidia kusaga chakula, na wanakalia nafasi. Ni kama kanisani siku ya kipaimara, alisema. Viti vikishajaa waumini, mlevi akija atasimama nje. Wewe ukimwaga antibayotiki unawafukuza wote, waumini na walevi, na mlango ukifunguliwa tena, anayewahi kiti ni mlevi. Ndiyo kuhara kwenyewe.

Halafu akasema jambo lililoniingia kuliko hilo la viti. Kifaranga wa kienyeji, alisema, anatotolewa chini ya mama yake, anadonoa pale mama anapodonoa, hata kinyesi cha mama anakidonoa, na kwa njia hiyo anarithi bakteria wake. Hawa wako wametotolewa na mashine. Wamekuja duniani tumbo tupu, hawana wa kuwarithisha.

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Nilikuwa nimewatazama vifaranga wale mara elfu na sikuwahi kufikiri kwamba ni yatima.

Alinipa jina la unga wa probayotiki, ambao ni hao bakteria wema wenyewe, wamekaushwa wakiwa hai, wamelala. Koroga kwenye maji ya kunywa, alisema. Maji ya baridi, yasiwe ya bomba yenye klorini. Usichanganye na antibayotiki. Wanywe asubuhi, yakibaki mchana mwaga.

Niliununua mjini, nikapanda nyumbani na pakiti yake nikijiona nimebeba mlima wa pili. Mke wangu alikuwa amerudi, mama anachambua maharage barazani. Nikasimama kama mwalimu mkuu. "Mke wangu," nikasema, sauti ikielekezwa kwa mama, "hii ni dawa ya ajabu. Ndani humu mna vijidudu hai, mamilioni kwa mamilioni!"

Maharage yalisimama.

"Mwambie mume wako," mama akasema polepole, "watoto sita nimewakuza kwa kuua vijidudu."

"Mwambie mama hawa ni vijidudu wazuri."

"Mwambie mume wako hata chui ni mzuri. Hafugwi."

Mke wangu hakumwambia mtu yeyote kitu chochote. Alikwenda kuoga.

Kundi la tatu lilikuja, wa manjano, kelele kama bunge. Kila asubuhi nilikoroga unga wangu kwenye ndoo ya maji ya mfereji utokao mlimani, yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha nikaenda kumkatia mtamba majani, maana hayo nayo yalikuwa kazi yangu. Siku ya kwanza tu mama alimwambia mke wangu, "Mwambie mume wako kumwaga maji kwenye vyombo ni kazi ndogo, nitaifanya mimi, yeye awahi majani." Nilifurahi. Niliona chui ameanza kuzoeleka.

Siku ya sita, wakaharisha.

Si wote. Lakini nilipoinama na kuona maranda yamelowa kuzunguka vyombo vya maji, nilihisi uzito wa karai la zege begani, karai zima, limejaa. Mama naye aliona. Alipita nje ya wavu, akamtazama mtamba tumbo, akatazama banda, akaendelea na safari yake. 

Kesho yake nilirudi na majani mapema kuliko kawaida, panga lilikuwa limekatika mpini. Nikamkuta mama jikoni kwake. Jiko lake ni kibanda pembeni ya nyumba, mlango wazi. Juu ya mafiga sufuria kubwa, ile ya sherehe, inatokota. Ndoo yangu iko pembeni, tupu. Na chini, kwenye beseni la maji, sufuria ya pili ndogo inapoozwa, na vyombo vya vifaranga vimepangwa mstari, vinangoja.

Mama mkwe wangu alikuwa anachemsha bakteria wangu.

Alikuwa amewachemsha siku zote sita. Ndoo nzima, mpaka yatokote vizuri, kama kliniki walivyomfundisha alipokuwa na mtoto wa kwanza, kisha anapoza na kuwapelekea vifaranga maji yake masafi, matamu, yenye maiti milioni ndani.

Hasira ilinipanda, sitaficha. Lakini ilipofika kooni nikaziona kuni. Kuni za mama si za mchezo. Anazifuata mbali, anazihesabu kama mahindi ya mbegu. Mtu anayetaka nirudi kwenye zege hawezi kuchoma kuni zake siku sita kwa ajili ya kuku wangu. Alikuwa ananiokoa. Aliamini nimeuziwa ugonjwa kwenye pakiti, na kwa kuwa mila hairuhusu anipige kofi, alikuwa anaupika ugonjwa ule kimyakimya kabla haujawafikia vifaranga.

Sasa nimwambieje? Nikampigia mke wangu. Simu ikaita, ikaita. Cherehani haisikii simu. Nikaingia bandani, nikakaa kwenye gunia la chakula, nikasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Jamani vifaranga wangu, poleni! Bakteria wenu wamepikwa!"

 Sauti ya mama ikatoka jikoni, ikielekea kwa mtamba: "Wewe mtamba, umesikia? Kuna watu wanalia maji yakichemshwa. Duniani kuna mambo."

"Vifaranga wangu, probayotiki ni kiumbe hai! Kinahitaji mazingira rafiki!"

"Mtamba, usisome sana. Unaona wanavyokuwa."

Nikajaribu kila neno nililonalo. Nikasema viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Nikasema mfumo wa mmeng'enyo. Nikatoa kidato cha nne kizima mle bandani, mbele ya wanafunzi mia mbili wenye manyoya, hakuna aliyefaulu, na kutoka jikoni nilisikia tu kuni zikisukumwa mbele ili moto usife.

Niligeuka kuelekea jikoni. Macho yangu yalipita wavuni yakaangukia kibuyu cha mtindi, kimening'inia kwenye nguzo ya mlango wa jiko. Kile kibuyu nimekila, maana yake nimekula kilichomo, kwa miaka yote saba. Mtindi wa mama, hata siku hizi anaponunua maziwa kwa jirani, hauna mpinzani kutoka hapo hadi Nairobi. Na mke wangu ameshanisimulia mara nyingi jinsi alivyochapwa kwa mwiko akiwa binti mdogo. Kosa lake ni hili: mama hachukui maziwa ya moto akayamimina kwenye kibuyu. Anayachemsha, kisha anayaacha yapoe, anapima kwa tone juu ya kiwiko cha mkono, ndipo anayamimina juu ya ule mtindi kidogo aliouacha chini makusudi. Mke wangu alimimina ya moto. Maziwa hayakuganda, yakaoza, na mama akalia kuliko aliyechapwa, kwa sababu kile kilichokuwa chini ya kibuyu alikitoa kwa mama yake, naye mama yake kwa wa kwake. Kinaitwa mbegu.

Nikasimama.

"Vifaranga wangu," nikasema, safari hii taratibu, "nimekosea. Niliwaambia ile ni dawa. Si dawa. Ni mbegu. Ni mbegu ya tumbo, kama ya mtindi. Na mbegu imechemshwa."

 Nikasikia ukuni ukivutwa kutoka kwenye mafiga. Na mwingine. Na wa tatu. Sufuria ikaacha kutokota.

"Mtamba," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "huyu mtu tangu aje anasema dawa. Dawa, dawa, dawa. Dawa inaua. Sasa kama angesema mbegu toka mwanzo, ni nani mwenye akili zake anayechemsha mbegu?"

Alikuwa na haki, na ndilo jambo ninalolifikiria hadi leo. Kwetu kila kitu cha pakiti ni dawa. Dawa ya kuku, dawa ya meno, dawa ya viatu. Nilikuwa nimelibeba neno lile dukani bila kulitazama, nikaliweka juu ya kitu kilicho kinyume chake kabisa, halafu nikashangaa mtu kulitii. Nilisoma bakteria jioni kwa jioni, nikachora picha zao kwa penseli, nikapata alama nzuri, na nikadhani nimetambulishwa kwao mimi wa kwanza katika boma lile. Kumbe mama alikuwa anawafuga miaka arobaini kwenye kibuyu, anajua wanapenda joto gani, anajua wakichoka, na hakuwahi kuwauliza majina.

Kuanzia kesho yake ndoo ikawa yake. Alikoroga yeye, kwa mkono uliokwisha kuoshwa mara mbili, maji amekwisha kuyapima kwenye kiwiko. Ikifika mchana alimwambia mtamba, "Mwaga ile, imechoka," na kwa kuwa mtamba hana mikono, nilimwaga mimi. Pakiti ilipokaribia kuisha, alitaka kubakiza kidogo chini ya ndoo ili aikuze mwenyewe. Ilibidi daktari aje amweleze kwamba hii ya kuku haikuzwi hivyo, na mama alikubali kwa uso wa mtu anayeona kiwanda hakijafika mbali.

Mimi nilibaki na koleo. Nilitoa maranda yaliyolowa, nikaweka makavu, nikafungua madirisha mchana, na antibayotiki sikuigusa. Vifaranga tisa walikufa. Waliobaki, kinyesi kikaanza kushikana, kisha kukauka, na wakaanza kula kama watu waliotoka msibani. Kama ni ile mbegu, kama ni maranda, kama ni hewa, siwezi kuapa. Nilimuuliza daktari naye hakuapa. Alisema tumbo ni jambo la pamoja. Ninachojua ni kwamba wiki ya tatu walikuwa wazito, ukimnyanyua mmoja mgongo unakumbuka saruji.

Na wiki ya nne mtamba akazaa, mapema, siku ambayo hakuna aliyemtazamia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mvua nyembamba na ukungu ule wa Meru unaoingia mpaka mifukoni. Ndama alianguka kwenye majani, mwekundu kama mama yake, anatetemeka. Mke wangu alikuwa amevaa nguo za kanisani. Nilivua koti nikamfunika ndama, nikamwinua, nikasimama naye mbele ya banda, kwa kuwa sikujua pengine pa kusimama. Kuku walihitaji wiki mbili zaidi. Ndama alihitaji pakavu wakati ule ule. Na banda ni moja.

Mama hakunitazama. Alifungua mlango, akaingia kwa kuku. Nilimwona kupitia wavu akiinama, akachota maranda kiganjani, akayakaza ngumi, akafungua. Yalimwagika kati ya vidole, makavu. Akayanusa. Akasogeza kuku mmoja kwa mguu, yule akasogea kwa uvivu wa mtu aliyeshiba, akaketi tena. Mama alikaa mle muda mrefu. Ndama alikuwa anapumua kwenye shingo yangu.

Alipotoka alimwendea mke wangu.

"Mwambie mume wako kuku hawahami. Tumbo likishatulia halisumbuliwi. Ndama atalala jikoni kwangu, kwenye joto."

"Na banda, mama?" mke wangu akauliza, kwa niaba yangu na ya mgongo wangu.

"Banda ni la kuku. La ng'ombe atajenga pale nyuma ya migomba. Si alikuwa fundi?"

"Alikuwa saidia fundi, mama."

"Basi na fundi amtafute."

Nilimpeleka ndama hadi mlango wa jiko. Ndani sitii mguu, ni jiko la mama mkwe, kwa hiyo nikasimama kizingitini nikanyoosha mikono, naye akasimama upande wake akanyoosha ya kwake, kila mtu anatazama kando. Kati yetu ndama akakojoa, kwa haki kabisa, nusu kwangu nusu kwake. Mke wangu alijishikilia kwenye nguzo kwa kicheko, kanisani akafika wakati wa sadaka.

"Mwambie mume wako," mama akasema, akimlaza ndama karibu na mafiga, "akaoge mpaka mabegani. Leo mimi nina mzazi na mtoto. Mbegu ataikoroga yeye."